Gofu jangwani Arizona: maswali mnayotuuliza kila mwaka kuhusu viwanja na misosi

Ikifika mwezi wa tisa simu inaanza kulia, mtu kasikia sisi tunaendaga Phoenix na Scottsdale kupiga gofu na yeye anataka kwenda, na swali lake la kwanza ni lilelile la mwenzake wa mwaka jana. Nimechoka kurekodi vosi za dakika saba, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Sisi ni wanne, Wabongo wawili na Wakenya wawili, wote tunaishi huku Marekani na hakuna anayecheza vizuri kivile. Mimi handikapu yangu, yaani mapigo ya ziada ninayopunguziwa kwa kutokuwa fundi, ni 19 na kuna siku hata hiyo 19 naionea aibu.

Hivi "kiwanja cha umma" si ndo cha serikali? Sisi sio wanachama popote, tutaruhusiwa?

Mtaruhusiwa. Nyumbani tumezoea gofu ni klabu, kuna wanachama na kuna wageni wa wanachama, kwa hiyo mtu akisikia umma anawaza halmashauri. Arizona umma maana yake ni kwamba yeyote mwenye hela yake anaingia mtandaoni, anachagua saa, analipa, anacheza, basi. Mwenye uwanja anaweza kuwa kampuni, hoteli, jiji au kabila la wenyeji wa asili. Cha jiji kweli kweli ni kama Papago, cha jiji la Phoenix, kipo tangu 1963. Hata TPC Scottsdale, pale wanapocheza mapro kwenye Phoenix Open kila mwanzo wa Februari, ni umma, unalipa unapita palepale walipopita wao. Ambavyo si vya umma ni kama Desert Forest na Desert Highlands, huko bila mwanachama wa kukualika hata ujaze pochi vipi utaishia getini.

Twende mwezi gani?

Hili ndo lilitakiwa liwe swali la kwanza ila watu wanauliza wameshakata tiketi. Januari mpaka Aprili hewa ni tamu balaa, na ndo bei inapaa, hasa Februari na Machi, manake kuna Phoenix Open, halafu timu 15 za besiboli zinakuja kujinoa kabla ya ligi yao, hoteli zimejaa, viwanja vimejaa, mgahawa wa kawaida tu unaambiwa subiri saa nzima. Juni mpaka Agosti bei inashuka hadi chini ya nusu, lakini lile jua sio la kuchezea. Mwaka 2023 Phoenix ilipiga siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na kuendelea. Tuliwahi kwenda Julai mara moja, tamaa ya bei, tukaanza saa 11 na nusu alfajiri, saa 4 asubuhi tumemaliza na klabu, yaani fimbo ya kupigia, ukiishika kwenye chuma inaunguza, halafu siku yote iliyobaki mmejifungia chumbani na kiyoyozi mnaangaliana kama mahabusu.

Ila mtego wenyewe hauko kwenye joto, uko kuanzia mwisho wa Septemba mpaka mwanzo wa Novemba. Nyasi zao za kiangazi ni bermuda, baridi ikianza zinalala na kugeuka rangi ya majani makavu, kwa hiyo kila mwaka wanazinyoa mpaka chini na kumwaga mbegu za nyasi nyingine ziitwazo rai juu yake ili kipupwe kikifika kiwe kijani. Kazi hiyo inafunga uwanja wiki mbili mpaka nne, na ukifunguliwa nyasi bado changa, vile vigari vya kuwabeba wachezaji haviruhusiwi kukanyaga fewei, ile njia kuu ya nyasi, hata kidogo, mnabaki kwenye njia ya lami, mpira uko kule unatembea na klabu tatu mkononi unarudi unakuta ulihitaji ya nne. Tulishaingia huo mkenge kwenye uwanja mmoja ambao sitautaja, tulilipa bei kamili mapema, tukakuta nyasi kama manyoya ya kifaranga. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote cha Oktoba au Novemba piga simu uliza mbegu wanamwaga lini na vigari vitaruhusiwa kwenye nyasi lini. Wanajibu bila shida, ni swali wanaloulizwa kila siku.

Mimi nachagua katikati ya Novemba mpaka wiki ya pili ya Desemba. Bei haijapaa sana, nyasi zimeshika. Kasoro yake ni kwamba siku ni fupi, jua linazama saa 11 na nusu jioni, kwa hiyo zile bei nafuu za kuanza mchana usitegemee kumaliza mashimo 18 ya raundi nzima. Na huko kaskazini mwa Scottsdale asubuhi kunaweza kuwa na barafu nyembamba juu ya nyasi, wanawazuia mpaka iyeyuke manake ukikanyaga nyasi zinakatika. Mnakunywa kahawa tu mnasubiri.

Ni kweli unapiga kutoka kisiwa cha nyasi kwenda kisiwa kingine?

Kwenye viwanja vingi ndiyo, na si mapambo, ni maji. Arizona ina sheria ya maji ya ardhini ya mwaka 1980, na kanuni zilizofuata zikawabana wenye viwanja vipya vya maeneo ya Phoenix wasimwagilie zaidi ya ekari 90 hivi za nyasi. Ekari 90 kwa mashimo 18 ni kidogo, kwa hiyo wachoraji wakawa wanaweka nyasi pale tu mpira unapotakiwa kutua na kwingine wanaacha jangwa kama lilivyo, mawe, changarawe na mikaktasi. Ndo maana Papago, iliyojengwa kabla ya hapo, ina nyasi kila mahali na miti mikubwa, unaweza kuvurunda na bado ukauona mpira wako.

Tuna siku nne tu, mnashauri viwanja gani?

Hapa ndo tunakosana na watu. Wengi wanataka majina manne makubwa kwa siku nne, wanarudi wamechoka, wamefilisika na wamepoteza mipira 40. Sisi tunachukua jina moja kubwa tu, mengine tunachagua kwa ajili ya kucheza.

Siku ya kwanza usiende kwenye uwanja mgumu. Umetoka kwenye ndege, mgongo umekaza. Nenda Talking Stick, ina viwanja viwili, O'odham na Piipaash, iko kwenye ardhi ya jamii ya wenyeji wa asili ya Salt River Pima-Maricopa. Ni tambarare, pana, mpira unabiringika chini vizuri, na ule O'odham unaonekana rahisi mpaka ufike karibu na grini, ile nyasi fupi yenye kishimo chenyewe, ndo unagundua ulitakiwa uwe upande wa pili.

Siku ya pili We-Ko-Pa, na kama mna nafasi ya uwanja mmoja tu safari nzima basi uwe huu, ule wa Saguaro. Uko kwenye ardhi ya taifa la Fort McDowell Yavapai, ukachorwa na wachoraji viwanja Coore na Crenshaw, ukafunguliwa 2006. Sababu yangu ni moja: hakuna nyumba. Scottsdale kote unacheza huku unaangalia bwawa la kuogelea la mtu na mbwa wake anakubwekea, pale We-Ko-Pa ni wewe, milima na mikaktasi mpaka macho yanapoishia. Na unaweza kutembea kwa miguu, grini na sehemu ya kuanzia shimo linalofuata ziko jirani. Uwanja wao wa pili, Cholla, ni mzuri pia ila bila kigari utajuta.

Siku ya tatu ndo jina kubwa. Wengine wanachagua TPC, mimi nachagua Troon North, ule Monument, pale chini ya kilima cha Pinnacle Peak, kule shimo la tatu kuna jiwe kubwa kama nyumba limekaa katikati ya fewei na walioujenga wakaliacha. Ukipiga likakurudishia mpira, ni wewe na jiwe lako.

Siku ya nne Papago, asubuhi, halafu uwanja wa ndege. Ni dakika chache tu, ile milima myekundu iko pembeni, na bei ya asiye mkazi bado iko mbali chini ya hao wakubwa. Timu ya gofu ya chuo kikuu cha Arizona State inafanyia mazoezi pale, kwa hiyo usidharau kwamba ni cha jiji.

Kwa hiyo Stadium Course, ule uwanja wa mapro pale TPC Scottsdale, haifai hela yake?

Inafaa kama unaangalia gofu kwenye tivii na utakufa bila kulipiga lile shimo la 16. Februari na Machi inapita dola 400 kwa mtu mmoja. Shimo lenyewe ni fupi, yadi 160 na kitu, na utamu wake ni yale majukwaa yanayolizunguka pande zote kama uwanja wa mpira, watu zaidi ya 15,000 wanapiga kelele, Tiger Woods alitumbukiza kwa pigo moja pale 1997. Sasa majukwaa yanajengwa kwa ajili ya mashindano na yanabomolewa baadaye. Ukienda kiangazi unakuta shimo fupi la kawaida na tuta la nyasi. Kama ni hiyo picha unayoitaka, nenda Desemba au Januari majukwaa yameshasimama. Ukiwa na hela ya wasiwasi, pale pale kuna uwanja wa pili unaitwa Champions, rahisi kidogo kwa mfuko.

Kuna makedi?

Kwa kawaida hakuna, sio kama tulivyozoea. Nyumbani kedi anakubebea, anakuonyesha mpira ulipo, anakwambia kata kushoto, anakufariji. Huko ni wewe na kigari chenye skrini, mara nyingi kigari kimo ndani ya bei na viwanja vingine ni lazima, manake kutoka grini moja kwenda shimo linalofuata unaweza kukatiza bonde zima. Mzee mmoja wa kwetu, wa klabu ya Muthaiga Nairobi, alitutembelea, shimo la kwanza tu akawa amesimama anamsubiri mtu wa kumpa patta, ile klabu ya kusukumia mpira shimoni.

Mbona mpira wangu hauendi mbali kama Nairobi?

Manake Nairobi uko juu mita 1,700 na Phoenix ni kama mita 330 tu. Hewa ya juu ni nyepesi, mpira unateleza. Ukishuka Phoenix dreva, ile klabu ya kupiga mbali, inapungua yadi 10 mpaka 15, na asubuhi ya baridi zaidi ya hapo, kwa hiyo chukua klabu inayopeleka mbali zaidi kidogo na acha kiburi. Wa Dar nyie yadi zitaongezeka kidogo, chekeni.

Mpira ukiingia jangwani nafanyaje?

Kwanza soma nyuma ya kadi ya alama, viwanja vingi vina kanuni yao kwamba unadondosha mpira pembeni ya jangwa kwa adhabu ya pigo moja, huna haja ya kurudi ulikopiga. Tumia hiyo. Usiingie kuutafuta mbali, na hasa kuanzia Machi mpaka Oktoba, manake kuna nyoka mkia wake unalia kama kayamba, ukisikia kayamba na hakuna ngoma rudi kinyumenyume taratibu.

Halafu kuna kaktasi inaitwa chola. Inaonekana laini, ina manyoya manyoya, kumbe kila unyoya ni mwiba wenye ndoana na kipande kizima kinang'oka ukikigusa kidogo tu. Mimi nilikigusa kwa kiwiko, nikajaribu kukitoa kwa mkono wa pili, nikawa nacho sehemu mbili. Kinatolewa kwa kitana, unakiingiza kati ya miiba na ngozi unakirusha. Wale wazee wa kule wote wana kitana kwenye mfuko wa begi, mimi nilidhani ni watanashati.

Ile mikubwa yenye mikono inaitwa saguaro, inatamkwa sawaro, inalindwa na sheria, usiikwangue wala kuikata. Zinachukua miongo mingi kabla ya kuota mkono wa kwanza, na utaona nyingine zina mipira ya gofu imenasa mwilini kama vipele.

Tulale wapi na tutumie gari gani?

Old Town, katikati ya Scottsdale, au mji jirani wa Tempe kama mnabana hela. Toka Old Town Papago ni robo saa, TPC na We-Ko-Pa chini kidogo ya nusu saa, Troon North zaidi kidogo. Kodi gari na liwe kubwa, watu wanne na mabegi manne ya gofu hayaingii kwenye gari dogo la saluni, tulishajaribu, mmoja alisafiri na begi mapajani. Teksi za kwenye simu mjini zipo tele, kutoka viwanja vya mbali jioni unasubiri sana. Na bia mbili halafu usukani, Arizona usijaribu, kosa la kwanza tu sheria ina kifungo cha lazima.

Tule wapi? Tusiambiwe steki tena.

Sawa, hamtaambiwa. Scottsdale imejaa nyumba za steki za bei ya mbuzi mzima na hamna haja nazo zaidi ya usiku mmoja.

Kinachonifanya nirudi ni chakula cha Sonora, jimbo la Meksiko lililopakana na Arizona. Wao tortila yao ni ya ngano, nyembamba, pana, laini, mtu wa pwani akiishika anajua ni binamu yake chapati. Carolina's, kusini mwa jiji, wanazitengeneza palepale, unanunua dazani kwenye mfuko na zinaisha kwenye gari kabla ya kufika. Ndani weka nyama ya ng'ombe ya kuchoma iliyokatwakatwa na pilipili, humo humo utaacha kuulizia nyama choma.

Fry Bread House, Phoenix, ni ya chakula cha Watohono O'odham, kabila la wenyeji wa asili, na mwaka 2012 walipewa tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya mapishi Marekani, kwa migahawa ya jadi. Mkate wao wa kukaanga ni kama andazi lililokandamizwa likawa bapa kama sahani, wanajaza maharage na nyama au asali. Wenyewe wana historia chungu nao, ulitokana na unga na mafuta ya mgao wa serikali baada ya watu kunyang'anywa ardhi zao. Kula pale ukiwa umetoka kucheza kwenye viwanja vya makabila, utakuwa na cha kuongea mezani.

Piza nenda Pizzeria Bianco, mwenyewe Chris Bianco alishinda tuzo ya James Beard ya mpishi bora wa Kusini-magharibi mwaka 2003. Agiza ile ya Rosa, haina nyanya kabisa, ni kitunguu chekundu, jibini, rosmari na pistachio za Arizona. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba piza bila nyanya ni nini, akala vipande vitano. Kuku wa kukaanga na wafo (waffles) ni Lo-Lo's, ukoo uleule wa Mrs. White's Golden Rule Cafe iliyopo tangu 1964, chakula cha Wamarekani weusi, sukuma yao na yetu zinafahamiana. Kwa asiyekula nyama, FnB pale Old Town wanajua kupika mboga kuliko mtu yeyote niliyewahi kumlipa, ila weka nafasi mapema.

Na mkishaanza kutamani nyumbani, Tempe kuna Cafe Lalibela, chakula cha Ethiopia, injera na mchuzi wa kuku na mikono yenu. Kutoka Papago ni karibu sana, sisi ndo chakula chetu cha mwisho kila safari.

Tunakula halali, tuchunge nini?

Chungeni mafuta, hapo ndo watu wanateleza. Maharage ya kupondwa ya Kimeksiko kwa jadi yanapikwa na mafuta ya nguruwe, na tortila za ngano nyingi hivyo hivyo, kwa hiyo mtu anakwepa nyama anaagiza maharage akidhani kasalimika. Uliza "mmetumia lardi?" na watakujibu bila kununa. Choriso, ile soseji yao, nayo kwa kawaida ni nguruwe. Tempe, karibu na chuo, ndo kwenye migahawa ya Waarabu kama Haji-Baba, wana na duka lao palepale.

Vipi migahawa ya kwenye viwanja?

Asubuhi tu. Burito ya mayai kabla ya shimo la kwanza, ukiwa umechelewa unaondoka nayo. Ukimaliza raundi, kunywa soda moja uangalie machweo, ila chakula cha jioni nendeni mjini.

Bakshishi ni kiasi gani?

Mgahawani asilimia 18 mpaka 20, na angalieni bili kwanza, kwa kundi kubwa wanaweza kuwa wameshaiweka. Vijana wanaopokea mabegi na kufuta klabu mwishoni, dola tatu mpaka tano kwa mtu. Anayepita na kigari cha vinywaji, dola moja mbili kila ukinunua. Bebeni noti ndogo ndogo.

Nije na klabu zangu au nikodi?

Kwa raundi mbili kodi, kwa nne beba. Kukodi mara nyingi ni dola 70 mpaka 100 kwa raundi, hesabu mwenyewe na ada ya begi kwenye ndege. Shati liwe na kola, jinzi acha hotelini.

Mke wangu hachezi, atafanya nini?

Shemeji apelekwe Desert Botanical Garden, bustani ya mimea ya jangwani, iko jirani kabisa na Papago, aende asubuhi wewe ukiwa uwanjani. Pia Heard Museum kwa sanaa za wenyeji. Na usimwambie raundi inachukua saa tatu, mwambie saa tano.

Mipira mingapi nibebe?

Dazani mbili kwa siku nne kama handikapu yako ni kama yangu, na iwe ya bei rahisi. Ile mizuri mtu aliyokupa zawadi itumie Papago tu, kule kwingine jangwa halirudishi. Nyeupe inapotea kwenye changarawe, chukua njano. Na kitana.